Kiingereza cha afya: jifunze maneno kwa jozi, si moja moja

Siku moja nilimsindikiza mama mdogo kwa daktari asiyejua Kiswahili. Mkalimani nilikuwa mimi. Mama mdogo akasema, "Tumbo linanikata, linakuja na kuondoka." Nikatafsiri neno kwa neno: "Her stomach is cutting." Daktari akaacha kuandika, akauliza amekatwa na nini, na lini. Tukazunguka hapohapo, mgonjwa amejikunja kwenye kiti, mpaka daktari mwenyewe akanisaidia: "Do you mean she has stomach cramps?" Ndicho nilichotaka kusema. Neno "stomach" nilikuwa nalijua, na "cut" nilikuwa nalijua. Nisichojua ni kwamba kwa Kiingereza tumbo halikati.

Tangu siku ile sijaandika tena kwenye daftari langu neno la afya likiwa peke yake. Kila neno naliandika na wenzake linaotembea nao, na mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyofanya. Nimeuandika kwa ajili ya yeyote anayeweza kujikuta mbele ya daktari wa kigeni, ya muuguzi anayejiandaa kufanya kazi kwa Kiingereza, na ya ndugu anayeitwa kutafsiri kwa sababu tu yeye ndiye aliyesoma.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, na tukiingiwa na vumbi puani tunapiga chafya. Mgeni hawezi kukisia kwamba chafya hupigwa. Lazima alipokee neno pamoja na kitenzi chake, kama unavyompokea mgeni pamoja na mzigo wake. Wanaisimu huliita jambo hili kolokesheni, na aliyelipa uzito mkubwa katika isimu ni Mwingereza J. R. Firth, miaka ya 1950. Mimi nitasema jozi, ingawa nyingine zina maneno matatu au manne.

Hatua ya 1: Shika vitenzi kabla ya majina ya magonjwa

Wanafunzi wengi huanza na orodha ya magonjwa na viungo vya mwili. Ni kuanza na mwisho. Jina la ugonjwa utalipata popote, hata daktari atakutajia. Kitenzi ndicho kitakachokukwamisha, na habari njema ni kwamba vitenzi vinavyobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya hospitali ni vichache.

Cha kwanza ni "have". Tazama kinavyofanya kazi ambazo kwetu zinafanywa na vitenzi tofauti kabisa. Nina mafua: "I have a cold." Alipata kiharusi: "He had a stroke." Nilichomwa sindano: "I had an injection." Alifanyiwa upasuaji: "She had an operation." Alijifungua: "She had a baby." Nilipimwa damu: "I had a blood test." Ugonjwa ulio nao, tukio lililokupata, na jambo ulilofanyiwa na mtu mwingine, vyote vinapita mlango mmoja. Ukikariri hilo tu, umeokoa safari ndefu ya kutafuta namna ya kusema "nilifanyiwa". Kwenye mafaili na magazeti utakuta "undergo surgery", na daktari anayepasua "performs an operation", lakini wewe mgonjwa "have" inakutosha.

Cha pili ni "take". Sisi tunakunywa dawa, hata kama ni kidonge kikavu. Mwingereza hanywi wala hali dawa, yeye "takes medicine", iwe kidonge, iwe ya maji, iwe ya unga. Usiseme "I drank my tablets". Kitenzi hichohicho kinatumika kupima: "take your temperature", "take your blood pressure", "take a blood sample". Na ukiwekewa kifaa baridi mgongoni utaambiwa "take a deep breath", vuta pumzi ndefu.

"Catch" ni cha magonjwa yanayoruka kutoka kwa mtu hadi mtu: "catch a cold", "catch the flu", "catch a virus". Saratani, kisukari na presha havikamatwi hivyo. Hayo mtu "has" au "develops", na siku alipoambiwa na daktari "was diagnosed with diabetes". Ukisema mtu "caught cancer", msikilizaji atashtuka, maana umesema inaambukiza.

Kinachonivutia zaidi ni "lose". Hesabu njia ambazo Kiswahili kinatumia kwa haya: amepungua uzito, hana hamu ya kula, ametokwa na damu nyingi, amezimia, sauti imemkauka. Kwa Kiingereza ni kupoteza tu: "She has lost weight. She has lost her appetite. She has lost a lot of blood. She lost consciousness. She has lost her voice." Jozi tano kwa kitenzi kimoja. Lipo na la sita, "She lost the baby", mimba imeharibika au mtoto amefariki kabla ya kuzaliwa. Lijue ulitambue ukilisikia, na ukilisikia shusha sauti.

"Feel" kina mtego mmoja. Sisi tunasema najisikia vibaya, na hiyo "ji" inatuponza, tunaandika "I feel myself bad". Ondoa "myself". Ni "I feel unwell", "I feel dizzy" kwa kizunguzungu, "I feel weak" kwa kuishiwa nguvu, "I feel faint" unapohisi uko karibu kuanguka.

Vinavyobaki vipitie haraka. "Get" kwa mabadiliko: "get better", "get worse". "Go" kwa kiungo au mtu kugeuka hali: "my hand went numb", mkono umekufa ganzi, "he went pale", "she went into labour", uchungu umeanza. Uvimbe ukipungua, "the swelling has gone down".

Hatua ya 2: Andika unavyosema kweli ukiumwa

Chukua karatasi. Andika sentensi kumi unazozisema wewe mwenyewe ukiwa mgonjwa, kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha kitabu. Kisha, moja baada ya nyingine, tafuta Mwingereza angesemaje. Zoezi hili ni bora kuliko orodha yoyote utakayopewa, kwa sababu makosa yako yanazaliwa humohumo, kwenye sentensi unazozipenda. Hizi ni baadhi ya zangu.

Kichwa kinaniuma. Si "my head is paining me", ingawa wengi wetu tunasema hivyo na tunaelewana. Ni "I have a headache" au "my head hurts". Kumbuka ile "a": "a headache" huwa nayo kila mara. Kuhusu jino, Waingereza husema "I have toothache", Wamarekani "I have a toothache". Malaria, pumu na kisukari havichukui "a" kamwe.

Nina presha. "I have pressure" kwa Kiingereza ni kusema una shinikizo, pengine la kazi. Sema "I have high blood pressure". Ikishuka ni "low blood pressure". Vipimo husomwa kwa "over": 120 kwa 80 ni "a hundred and twenty over eighty". Na sukari usiiseme "I have sugar", sema "I have diabetes", na siku sukari imepanda, "my blood sugar is high".

Nasikia baridi, nina mafua, natetemeka kwa homa. Hapa vijineno vidogo vinabeba maana nzima: "I am cold" ni kusikia baridi, "I have a cold" ni mafua, na "I have chills" ni ule mtetemeko wa homa hata ukiwa umejifunika blanketi mbili. Homa yenyewe ni "a fever", na Waingereza hupenda "I have a temperature", ingawa kila aliye hai ana joto fulani. Jozi hiyo imeshafungwa, ina maana joto limepanda. Ukiwa na Mmarekani kumbuka anapima kwa Farenhaiti: joto la kawaida la 37 kwetu kwake ni 98.6, na 38 ni 100.4. Akikuambia mtoto ana "a hundred and one", hajakosea.

Nina kiungulia. Kwa Kiingereza ni "heartburn", na moyo hauhusiki kabisa, asidi ya tumbo ndiyo inayopanda. Usilichanganye na "chest pain", maana ukitamka hilo la pili watu wataanza kukimbia na mashine ya kupima moyo, na watakuwa na haki.

Sasa kupona. Neno hili nimelikalia muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu Kiswahili kimelipa kazi nyingi na Kiingereza kimezigawa. Mtu anapona: "he is getting better", au kwa lugha ya heshima kidogo, "he is recovering from malaria". Kidonda kinapona: "the wound is healing". Ugonjwa unapona: "it can be cured". Na yule aliyepona kwenye ajali iliyoua wenzake: "she survived the accident". Ukisema "the wound is recovering" utaeleweka, ila ukisema mtu "was cured of the accident" hutaeleweka. Karibu yake kuna kutibu na kuponya. "Treat" ni kutibu, yaani kumhudumia mgonjwa, apone asipone. "Cure" ni kuumaliza ugonjwa. Daktari akisema "we can treat it but we can't cure it", anakuambia ni ugonjwa wa kuishi nao kwa dawa. Sentensi hiyo ndugu wa mgonjwa anapaswa kuielewa kwa usahihi siku ileile anapoambiwa.

Hatua ya 3: Maumivu yapewe sifa zake

Hapa nitakaa, maana ndipo mama mdogo alipokwama kwa sababu yangu.

Kwa daktari, namna unavyoeleza maumivu ni sehemu ya uchunguzi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack, alichapisha dodoso la maumivu la McGill, lenye maneno 78 ya Kiingereza ya kuelezea maumivu, yakiwa yamepangwa katika makundi 20. Huhitaji yote 78. Kwa mazungumzo ya kawaida yanatosha nane hivi, na kwa mengi Kiswahili kina mwenzake wa karibu sana.

Kichwa kinachogonga kwa mapigo, tunachosema kinawanga, ni "a throbbing headache". Jipu linalopwita, nalo lina "throbbing pain". Kichomi cha ghafla kama kisu ni "a stabbing pain". Ukali wa haraka unaokufanya uvute pumzi ni "a sharp pain". Maumivu yaliyotulia, ya chinichini, yasiyokuacha siku nzima, ni "a dull ache". Yanayowaka, kama ya kukojoa ukiwa na maambukizi, ni "a burning pain" au "a burning sensation". Yanayokimbia kutoka kiunoni kushuka mguuni ni "shooting pains". Msokoto wa tumbo, ule wa kukata, ni "cramps", na wanawake wengi wakati wa hedhi husema "period cramps". Kichwa kikali mno, kinachotaka kupasuka, ni "a splitting headache". Hilo halitumiki kwa tumbo wala kwa mguu. Ni la kichwa tu.

Kuhusu ukubwa wa maumivu, usiseme "big pain" wala "strong pain". Madogo ni "mild", makubwa ni "severe", na ya kukuzidi ni "unbearable". Neno "bad" linakubalika kabisa kwenye mazungumzo: "I have a bad headache." Wengi tunalikwepa tukidhani ni la kitoto, kumbe ndilo wanalolitumia wenyewe. Lakini "strong" lina mahali pake, kwa dawa: "strong painkillers".

Madaktari wanaosoma kwa Kiingereza hufundishwa kuuliza maumivu kwa mpangilio wanaoukumbuka kwa jina la SOCRATES: yako wapi, yalianza lini, yako vipi, yanasambaa wapi, yanaandamana na nini, yanakuja kwa muda gani, nini kinayaongeza au kuyapunguza, na ni makali kiasi gani. Nakushauri upange majibu yako vivyo hivyo. Chukua maumivu uliyowahi kuwa nayo kweli, uyajibie kwa sauti: "It hurts here, in my lower back. It started three days ago. It's a dull ache. It spreads down my left leg. It comes and goes. It gets worse when I sit. Lying down eases the pain. It's about a seven out of ten." Sentensi nane, na ndani yake kuna jozi zaidi ya kumi. Ukishaweza kufanya hivyo kwa mgongo, badilisha: fanya kwa jino, fanya kwa tumbo, fanya kwa niaba ya mtoto.

Hatua ya 4: Muda

Hii ni fupi, lakini usiiruke. Daktari atauliza, "How long have you had this cough?" Sisi tunasema nina kikohozi wiki mbili sasa, hivyo ulimi unakimbilia "I have this cough since two weeks." Sahihi ni "I've had this cough for two weeks". "For" inafuatwa na urefu wa muda: "for three days", "for a month". "Since" inafuatwa na siku au saa yalipoanza: "since Monday", "since last night". Kama yamekwisha, rudi kwenye wakati uliopita: "I had a fever last week." Tofauti hiyo inamwambia daktari kama ugonjwa uko mwilini sasa hivi au ulishapita.

Hatua ya 5: Vile vijineno vidogo

"To", "from", "with", "on". Havina mantiki ya kukisia. Nilijaribu kuvitafutia kanuni, nikachoka, nikavikariri pamoja na neno lake kana kwamba ni neno moja refu. Fanya hivyo pia. Vya lazima ni hivi:

"allergic to penicillin", nina mzio wa penisilini
"diagnosed with asthma", amegundulika kuwa na pumu
"suffer from migraines", nasumbuliwa na kipandauso
"recover from an illness"
"vaccinated against measles", amechanjwa surua
"treated for malaria", ametibiwa malaria, lakini "treated with antibiotics" kwa dawa iliyotumika
"operate on someone"
"die of a disease"

Katika "operate on" wengi tunadondosha "on" na kusema "they operated her". Mashine ndiyo unayo-"operate" bila "on". Binadamu anaitaka.

Na "on" ina kazi nyingine ya pekee, ya kusema unatumia dawa au tiba fulani kwa sasa: "on antibiotics", "on insulin", "on a drip", yaani amewekewa dripu, "on a diet". Ila hapa kuwa mwangalifu sana. Ukiulizwa unatumia dawa gani usijibu "I'm on drugs". Hiyo ni jozi iliyofungwa, maana yake ni kwamba unatumia dawa za kulevya. Sema "I'm on medication for high blood pressure", au "I'm taking medicine for my blood pressure".

Hatua ya 6: Maneno ya hospitali yanayokuja na sura usiyoitarajia

Kuna maneno unayoyajua tangu shule, lakini hospitalini yanavaa nguo nyingine. Haya ndiyo yanayowapoteza hata wenye Kiingereza kizuri.

"Discharge" ni la kwanza. Ukisikia "she was discharged from hospital", shukuru, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kulazwa ni "admitted to hospital". Lakini muuguzi akikuuliza "Is there any discharge?" anazungumzia usaha au majimaji yanayotoka kwenye kidonda, sikioni au ukeni. Kwenye swali lile moja hakuna kurudi nyumbani.

"Complain". Kwenye faili lako kunaweza kuandikwa "the patient complains of chest pain". Hakuna aliyekulaumu kwamba ni mlalamishi. Ni namna ya kuandika ulichokieleza.

"Positive" na "negative" ni kinyume cha unavyotarajia. "She tested positive" ina maana kilichokuwa kinatafutwa kimepatikana. "The results came back negative" kwa kawaida ndiyo habari ya kufurahia. "Unremarkable" nalo si dharau, ni kwamba hakukuonekana kasoro.

"Acute" wengi hulifasiri kuwa kali. Maana yake hasa ni la ghafla, lililoanza karibuni, dhidi ya "chronic", la muda mrefu. Ugonjwa "chronic" unaweza kuwa mdogo tu, ila haukuachi.

"Stool" si kigoda. "A stool sample" ni kipimo cha choo. "Pass" ni kutoa: "pass urine", "pass blood". Daktari Mwingereza anaweza kuuliza kwa upole, "When did you last open your bowels?" akitaka kujua ulipata choo lini. Ukifunga choo, "I'm constipated". Ukiharisha, "I have diarrhoea". Haya ni mambo tunayoyaonea haya, na haya hiyo ndiyo inayotufanya tusiyajifunze. Jifunze ukiwa nyumbani, mzima, peke yako.

"Dressing" ni bandeji na vitu vinavyofunika kidonda, "change the dressing". "Theatre" kwa Waingereza ni chumba cha upasuaji, Wamarekani husema "operating room". "Surgery" kwa Mwingereza inaweza kuwa zahanati ya daktari wa kawaida, hivyo "I'm going to the surgery" si lazima kuwe na kisu. Na "I was sick twice" kwake ni nilitapika mara mbili, wakati Mmarekani akisema "I'm sick" anasema tu anaumwa.

Moja zaidi, na hili ni la usalama. Dawa inayoitwa "paracetamol" Uingereza na kwingineko, Marekani inaitwa "acetaminophen". Ni dawa ileile. Ukimeza zote mbili ukidhani ni tofauti, umezidisha kipimo, na dawa hiyo ikizidi huumiza ini.

Hatua ya 7: Soma boksi la dawa

Maboksi ya dawa ni shule nzuri kwa sababu lugha yake haibadilikibadiliki. Soma kwa sauti kila boksi linalopita mikononi mwako. "Take one tablet three times a day after food." "Take on an empty stomach", kabla hujala chochote. "Swallow whole, do not chew." "Shake well before use." "May cause drowsiness", inaweza kukuletea usingizi, usiendeshe gari. "Do not exceed the stated dose." "Keep out of reach of children." "For external use only" ni la kukariri usiku na mchana: dawa ya kupaka, isimezwe. "Finish the course", maliza dozi yote hata ukijisikia nafuu.

Kwa dawa za maji tazama vijiko. "A teaspoon" ni mililita 5, "a tablespoon" ni mililita 15. Anayechanganya hayo mawili anampa mtoto dozi mara tatu.

Hatua ya 8: Kadi, na boksi lake

Kujua si tatizo, tatizo ni kukumbuka ukiwa na hofu. Mimi natumia kadi za karatasi na utaratibu ambao Mjerumani Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972. Unagawa boksi katika vyumba vitano. Kadi mpya inaanza chumba cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukiipata, inasogea chumba cha pili, unachokipitia baada ya siku kadhaa, na kuendelea hivyo, kila chumba kikisubiri zaidi ya kilichotangulia. Ukiikosa, inarudi chumba cha kwanza bila kuonewa huruma.

Kinachoandikwa kwenye kadi ndicho chenye uzito. Usiandike mbele "kupona" na nyuma "recover". Utajifunza neno, jozi itakukimbia. Kadi yangu ya jana ilikuwa hivi. Mbele: "Mguu wa mtoto ulivimba, sasa uvimbe umepungua. Mwambie daktari." Chini yake: "The swelling has ______ ______." Nyuma: "The swelling has gone down." Hali kwa Kiswahili, sentensi yenye pengo kwa Kiingereza. Kadi tano mpya kwa siku zinatosha, ukizidisha, chumba cha kwanza kitakushinda.

Unapokuwa na shaka kama jozi fulani ipo kweli, usiulize kamusi ya neno kwa neno. Fungua SkELL kwenye intaneti, ni bure, andika neno kama "wound", kisha bonyeza "word sketch". Utaoneshwa vitenzi na sifa zinazoandamana nalo mara nyingi, pamoja na sentensi halisi. Jozi uliyoitunga wewe isipoonekana popote, iache.

Halafu itamke. Kadi iliyosomwa kimya haikusaidii chumbani kwa daktari. Mtafute mwenzako, mmoja awe daktari na mwingine mgonjwa, mbadilishane. Kama huna mtu, jirekodi kwenye simu ukijibu maswali ya SOCRATES, kisha jisikilize.

Hatua ya 9: Karatasi ya kutembea nayo

Hii ifanye leo, kabla hata ya kumaliza hatua nyingine. Andika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa zinazosomeka, mambo yako ya afya kwa jozi sahihi, uiweke kwenye pochi na kwenye simu. Kila mtu ana yake, lakini mfano ni huu: "I am allergic to penicillin. I have asthma. I use an inhaler twice a day. I am on medication for high blood pressure. I had an operation on my knee in 2019." Kama wewe ni mjamzito, ongeza "I am six months pregnant" na "My due date is in March."

Chini kabisa weka sentensi ambayo nilipaswa kuwa nayo siku ile, kabla ya kujifanya mkalimani wa jambo lililonizidi: "Could we have a Swahili interpreter, please?" Mama mdogo ameiandika nyuma ya karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe, na anaisema vizuri.